Kwa nini DNA ile ile hutoa miaka milioni 6 na pia milioni 12

Ndugu, umeuliza ni kwa nini baadhi ya watafiti husema binadamu na sokwe mtu walitengana miaka milioni 6 iliyopita, ilhali wengine, kwa DNA ile ile, hupata milioni 12. Nimefundisha biolojia katika shule ya sekondari hapa Mombasa kwa miaka mingi, na kwa muda mrefu nililijibu swali hili vibaya: niliandika ubaoni kasi moja ya mabadiliko ya vinasaba kana kwamba inavihusu viumbe vyote.

Aliyenizindua ni mwanafunzi mmoja, mtoto wa mvuvi wa Tudor, aliyeuliza kama papa naye hubadilika kwa kasi hiyo. Nilipotafuta, nilikuta utafiti wa mwaka 1992 ulioonyesha kwamba DNA ya mitokondria (sehemu za seli zinazozalisha nishati) ya papa hubadilika polepole mara saba au nane kuliko ya jamii ya nyani. Nahodha anayejua umbali wa Lamu bila kujua nguvu ya kusi hawezi kusema atafika lini.

Sasa tufanye hesabu. DNA yetu na ya sokwe mtu hutofautiana kwa takriban asilimia 1.2, yaani herufi (vipande vidogo vinavyopangana kuunda DNA) milioni 12 katika kila bilioni. Kwa kuwa pande zote mbili zimekuwa zikibadilika tangu kutengana, kila upande unabeba milioni 6. Ukichukua kasi ya badiliko moja kwa kila herufi bilioni kwa mwaka, ambayo ilikadiriwa kwa kutegemea visukuku (mabaki ya kale ya viumbe yaliyogeuka mawe), unapata miaka milioni 6. Lakini tangu vinasaba vya wazazi na watoto vilipoanza kusomwa vizima na kulinganishwa, imeonekana kwamba mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya 60 hadi 70 hivi, mengi yakitoka kwa baba na kuongezeka kadiri umri wa baba unavyosogea. Kasi hiyo ni kama nusu ya ile ya kwanza, na muda unakuwa maradufu.

Hata hivyo, milioni 12 si tarehe ya kutengana kwa spishi. Mababu wa pamoja tayari walikuwa na vinasaba vya namna mbalimbali, kwa hiyo nasaba za DNA ziliachana mapema kuliko spishi zenyewe. Tena huenda mababu hao walizaa wakiwa wadogo kuliko sisi, vizazi vikapita haraka zaidi na mabadiliko ya kila mwaka yakawa mengi zaidi. Mambo hayo mawili yanaishusha ile milioni 12.

Kwa upande wa chini, mwaka 1967 watafiti Sarich na Wilson walipata takriban milioni 5 kwa kulinganisha protini za damu, wakiichukua miaka milioni 30 kuwa ndiyo umri wa kutengana kwetu na tumbili. Mimi naiona ndogo mno, kwa sababu mabaki ya Orrorin, kiumbe wa kale, yaliyopatikana vilima vya Tugen, Baringo, mwaka 2000, yana umri wa miaka milioni 6 hivi, na wengi wa walioyachunguza huyaweka upande wetu, yaani wa binadamu baada ya kutengana.