Presha ya kijana wa miaka 16: je, kuacha chakula cha usiku na kukimbia Jumamosi kunatosha?

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 16 amepimwa presha ikawa 126/76, na uzito wake umezidi. Tangu hapo hali chakula cha usiku, na kila Jumamosi anakimbia saa mbili hadi anaishiwa nguvu. Anataka pia kunyanyua vyuma, ila nimeambiwa vitamdumaza. Anaendelea vizuri?

JIBU: Mama, ari anayo, na hilo ni jambo kubwa. Tatizo ni mpangilio.

Nianze na Jumamosi. Msuli unaofanya kazi huvuta sukari kutoka kwenye damu, na baada ya mazoezi huendelea kuitikia vizuri insulini, homoni inayoingiza sukari kwenye seli, kwa siku moja hivi, pengine mbili. Faida ya Jumamosi, basi, inaanza kufifia Jumatatu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa umri wa miaka 5 hadi 17 wastani wa dakika 60 kila siku. Si lazima ziwe mfululizo. Kutembea kwa haraka, mpira na baiskeli vyote vimo. Kipimo chake ni pumzi: akiweza kuongea lakini hawezi kuimba, kasi ni ya wastani. Siku tatu kwa wiki aongeze kasi hadi aweze kusema maneno machache tu kabla ya kuvuta pumzi.

Vyuma havimdumazi, mradi awepo mtu anayejua kumwelekeza. Aanze na pushapu na kuchuchumaa, kisha uzito mdogo. Umri huu ndio mifupa inajijenga, nayo huimarika inapobebeshwa mzigo.

Chakula cha usiku mrudishie, tafadhali. Bado anakua, na anayelala na njaa huamka usiku kutafuta chochote kitamu. Panapofaa kupunguzwa ni kwenye vinywaji. Soda ya nusu lita mara nyingi ina gramu 50 hivi za sukari, karibu vijiko 12 vya chai, na haishibishi. Juisi nayo, hata ya kukamua nyumbani, sukari yake inahesabika. Kiu aikate kwa maji. Sahani yake nusu iwe mboga na matunda, robo protini, robo wanga. Chumvi ya siku nzima isifike gramu 5, pamoja na iliyomo kwenye vitafunwa vya pakiti, ambayo wengi huisahau. Usingizi uwe saa 8 hadi 10.

Presha ya 126/76 kwa umri wake imepanda, lakini haijafika 130/80, ambapo huanza kuitwa shinikizo la juu, tena baada ya vipimo vya siku tofauti kukubaliana. Irudiwe ndani ya miezi sita, akiwa ametulia kwenye kiti kwa dakika tano, kwa mkanda wa kipimo unaoutosha mkono wake. Mkanda mdogo hupandisha namba bure. Mizani msiikimbilie kila asubuhi. Akipata maumivu ya kifua au kuzirai akiwa mazoezini, au kama kuna ndugu wa karibu aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa bado kijana, asimamishe mazoezi na amwone daktari kwanza.