Msihame kabla ya orodha na maandishi

Katibu wa kamati ya wapangaji, umeeleza kwamba kaunti inataka kubomoa nyumba zenu za kupanga huko Eastlands, Nairobi, ijenge maghorofa, na wapangaji wamesusia mikutano. Usiwalaumu. Mtu anayeitwa saa nne asubuhi siku ya kazi, aonyeshwe michoro iliyokwisha kupitishwa, ana sababu ya kutokuja. Iteni jioni au Jumapili, ploti kwa ploti.

Anzeni na orodha. Wapangaji wenyewe wahesabu kila nyumba, wakiwemo waliopangishwa chumba na mpangaji mkuu, mjane ambaye karatasi za nyumba bado zina jina la marehemu, na mama mboga wa pale langoni. Hao ndio huachwa nje. Ibandikwe ukutani watu waikosoe, kisha kamati na kaunti watie sahihi.

Halafu haki ya kurudi, kwa maandishi. Wakazi wa Soweto Mashariki, Kibera, walihamishiwa Lang'ata mwaka 2009 ili wajengewe nyumba mpya. Nyumba 822 za awamu ya kwanza zikakabidhiwa 2016. Ni muda mrefu mno kuishi kwa ahadi ya mdomo. Ulizeni sasa: mradi ukichelewa, kodi ya mtakakohamia italipwa na nani? Na nyumba mpya italipiwa kiasi gani kwa mwezi?

Kaunti ikikwepa, iandikieni barua mkitaja Ibara ya 35 ya Katiba, inayowapa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombeni na michoro kabla haijapitishwa, muulize maji yakikatika wa ghorofa ya nane atafanyaje.