Barua kwa mwanangu: bahari juu

Temeke, Dar es Salaam

Mwanangu Zuhura,

Salamu zako tumezipata. Sisi wazima, ila goti la mama yako ni lile lile. Umeuliza kama ni sawa Zanzibar kupandisha bendera yao wenyewe tangu 2005, na ya Taifa ipo. Nitakujibu. Kwanza nikwambie kwa nini bendera ikitajwa hapa nyumbani mama yako hucheka na mimi hununa.

Nilikuwa darasa la nne, zamu yangu kupandisha bendera, shule nzima imesimama mstarini. Nikafunga kamba, nikavuta. Utepe mweusi huanzia kona ya chini penye mlingoti, ukapanda. Wangu ukaanzia juu, ukateremka. Kijani chini, bluu juu! Watu wanaimba wimbo wa Taifa huku wanacheka. Mwalimu wa zamu hakunichapa. Heri angenichapa. Alinisimamisha chini ya mlingoti mpaka saa sita, na kila darasa likipita linaniita "Bahari Juu". Jina hilo nimemaliza nalo la saba, na kuna mzee mmoja gengeni ananiita hivyo mpaka leo.

Jioni babu yako akanikuta nalia. Unamjua marehemu, mtu wa bandarini, kubembeleza hajui. Akafungua lile sanduku lake, akatoa kibendera cha Tanganyika: kijani, nyeusi, kijani, na vijistari vya njano katikati. Alikipunga usiku wa kuamkia 9 Desemba 1961, pale taa zilipozimwa uwanjani na zilipowashwa ya Mwingereza haipo. Akakigeuza juu chini, akakigeuza tena. "Umeona tofauti?" Sikuona. "Hii ungeipandisha hata usingizini. Tulipooana na Unguja ndipo bendera ikawa na kichwa na miguu."

Sisi shuleni tulikaririshwa: kijani mimea, njano madini, nyeusi watu, bluu maji. Ukijibu unakaa. Hakuna aliyetueleza ule mshazari. Aprili 1964 nchi mbili zimeungana, moja na kijani-nyeusi-kijani yake, nyingine na bluu-nyeusi-kijani iliyopata miezi michache tu tangu Mapinduzi. Ukiilaza mistari, lazima mmoja amkalie mwenzake. Mwezi Juni ikatoka hii ya mshazari: kijani kashika mlingoti, bluu kashika upepo. Nimesema siku zote na nasema tena, aliyeulaza utepe ule alikuwa na akili ya mshenga.

Mama yako husema mshenga gani, mbona kijani ndiyo iliyopewa juu. Hapo sina la kumjibu, maana kweli iko juu. Ila kijani imefungwa kamba, bluu ndiyo inayopepea! Sasa nani kapunjwa?

Tuje kwenye hiyo yao. Mistari imelala, bluu, nyeusi, kijani, na ya Taifa imewekwa ndogo kwenye kona ya juu penye mlingoti. Niliiona mara ya kwanza tulipovuka kwenda kumzika mama yako mkubwa, nikaudhika, msibani kabisa. Kisha nikaitazama ile kona: yetu imo. Nikatulia. Kwenye boti ya kurudi nikaudhika upya, nikikikumbuka kibendera cha babu yako, kwamba wao ya kwao iko mlingotini na ya kwetu imelala sandukuni na dawa ya nondo. Halafu nikajiuliza, wewe Bahari Juu, tangu babu afariki umelifungua sanduku lile mara ngapi? Hata mara moja. Kwa hiyo ninachokililia ni nini?

Jibu ninalo, usidhani sina. Lakini mama yako amesimama begani kwangu anasoma, anasema niandike "ni sawa" nifunge bahasha. Mimi nilikuwa nimeanza kuandika neno lingine. Njoo Idi, tutaongea barazani yeye akiwa jikoni.

Baba yako