Mmeuliza: ulemavu, ubakaji na kesi

*Dadangu ni kiziwi, amebakwa jana usiku. Polisi wanataka mimi kakake ndio nitafsiri.*

Pole sana kaka. Anzeni hospitali sasa hivi, kabla hata ya hayo mambo ya kituoni, dawa za kuzuia HIV (PEP) lazima zianze ndani ya masaa 72 na za kuzuia mimba mwisho ni 120, usingoje mpaka zikaribie kuisha. Asioge kwanza, nguo alizokuwa nazo weka kwa bahasha ya karatasi, plastiki huozesha ushahidi. Daktari atajaza fomu ya PRC (ya matibabu baada ya kubakwa), polisi watatoa P3 (fomu ya polisi ambayo daktari hujaza majeraha), na P3 haiuzwi. Kuhusu kutafsiri, kataa. Kuna vitu hatavisema mbele ya kakake, halafu wakili wa mshtakiwa atakuja kudai maneno ni yako, si yake. Dai mkalimani wa lugha ya ishara, ni haki yake, hata Katiba ya Kenya ibara ya 50(7) inaruhusu mtu wa kati, yaani wa kumsaidia kuwasiliana na korti.

*Binti yangu ana miaka 19 lakini akili ni kama ya mtoto. Amemtaja jirani, mzee wa mtaa anasema tupewe pesa yaishe maana kortini hataaminika.*

Mama, huyo mzee hana hayo mamlaka. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 hakikuachia familia wala wazee uamuzi wa kusimamisha kesi, leo ni wa DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma). Na aliyesema hataaminika nani? Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inamruhusu hakimu kwenye kesi hizi kumfunga mtu kwa maneno ya mwathiriwa peke yake, bora aamini ni ya kweli na aandike sababu. Mwambie kiongozi wa mashtaka mapema aombe binti atangazwe shahidi aliye hatarini, hapo anaweza kuwekewa pazia asimwone jirani, na mtu wa kumrahisishia maswali, maana mawakili wengine wanauliza mambo matatu kwa pumzi moja hata wewe ungechanganyikiwa. Yeye akieleza kwa doli au kwa kuonyesha kidole, mwacheni, msimkaririshe.

*Natumia wheelchair, anayeninyanyasa ndiye anayeniogesha.*

Piga 1195, laini ya msaada wa dhuluma za kijinsia, ni bure, usiku na mchana. Simu ikiwa mkononi mwake, siku ya kliniki mwambie nesi unataka kuonwa peke yako.

*Mimi ni mwanamume kipofu, sheria inanihusu?*

Ndio. PEP, P3, kila kitu. Na kama sauti yake uliijua, hilo liandikwe kwa statement yako.