Waleteni Wajukuu Alhamisi, Msingoje Jumapili ya Pasaka

Wanangu, kama mnapanga kuja kijijini na watoto kwa Pasaka, waleteni Alhamisi. Mkifika Jumapili saa tano na kukuta chakula kimeiva, watoto watakuwa wamekuja kula tu, na chakula hata mjini kipo.

Nasema haya nikiwa Rungwe, kwetu Wamoravian. Wamisionari walifika hapa mwaka 1891, wakatuachia ibada ya alfajiri ya Pasaka makaburini, ambayo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732. Jua halijachomoza, tumeshakusanyika. Tarumbeta zinapigwa, mchungaji anatamka, "Bwana amefufuka!" nasi tunaitikia, "Amefufuka kweli kweli!" Mtoto akisikia hayo kwenye giza na ukungu, miguu imelowa umande, hahitaji maelezo marefu kuhusu Pasaka.

Lakini maandalizi hasa ni ya Jumamosi, siku ya kufyeka na kusafisha makaburi. Hapo wajukuu wapewe kazi, wasiachwe kwenye runinga. Wakubwa wachukue mafyekeo, wadogo wachote maji na kusugua kwa magunzi. Mwaka jana mjukuu wangu wa darasa la nne alikuwa akisugua kuvu kwenye saruji ya kaburi la mama mkwe wangu. Herufi zikaanza kutokea moja moja, mpaka akasoma jina lake mwenyewe. "Bibi, mbona huyu ni mimi?" Nikaketi naye pale pale majanini nikamsimulia mwenye jina alikuwa nani: jinsi alivyouza maziwa soko la Tukuyu, na jinsi asivyomvumilia mtu wa kulala mpaka jua liwe juu. Wenzake wakaacha kazi wakaja kusikiliza, kisha kila mmoja akataka habari za kaburi analolisafisha yeye. Kwa hiyo mzee anayeujua ukoo asibaki jikoni siku hiyo. Mpelekeni makaburini na kigoda na mwavuli wake, akae na watoto.

Jikoni nako kuna ya kuangalia. Pasaka huwa kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na huku kwetu hiyo ni mvua tupu. Kuni zipasuliwe wiki nyingi kabla na kupangwa darini juu ya moto, la sivyo wapishi watakesha wakipuliza moshi. Wa mjini waje na masweta na mabuti ya mpira. Chakula kisigeuzwe mashindano: ndizi kwa nyama, maharage, wali wa Kyela na parachichi vinatosha kabisa.

Michango ikusanywe na mtu mmoja kabla ya Jumapili ya Matawi, naye aeleze wazi kimenunuliwa nini. Asiyekuwa na pesa aje na mikono yake, wala asitajwe mbele za watu. Nimeona ndugu wakiacha kuja kwao kwa aibu hiyo, na inaniuma sana, kwa sababu watoto wao nao wanakua bila kuwajua binamu zao.

Jambo jingine ni wakamwana. Kwetu Wanyakyusa, wazee wengi bado wanashika mila ya mkamwana na baba mkwe kutokutana ana kwa ana. Binti aliyeolewa kutoka mbali, asipoambiwa, ataingia sebuleni na sinia la chai kwa moyo mweupe. Mzee atanyanyuka na kutoka, naye atadhani amechukiwa. Mume wake amweleze mapema wakiwa bado njiani, na nyumbani wazee watengewe sehemu yao ya kukaa.

Jioni za juma zima la mateso tunasoma habari za siku hiyo katika Injili. Mpeni mtoto asome, hata kama anakwama kwama. Ijumaa Kuu redio izimwe.

Jumatatu ya Pasaka, kabla ya kufunga mizigo, pakueni chakula kwa ajili ya majirani wazee ambao hawakupata wageni. Wajukuu wakipeleke wenyewe, wapige hodi, waamkie, wakae kidogo wasikilize. Huwa wanarudi wamechelewa, na mimi siwagombezi. Kisha wasafiri wa Dar wafungiwe mkungu wa ndizi na maparachichi, ila yawe magumu, kwani yaliyoiva yatapondeka kabla hawajafika Morogoro.