Kabla ya Kutia Sahihi Hundi za Shirika
Dada yangu wa Nyalenda, umeuliza iwapo ukubali kuwa mweka hazina katika bodi ya shirika la vijana mtaani kwenu, kwa kuwa mwenyekiti amekuhakikishia kwamba kazi yenyewe ni kutia sahihi tu. Hilo neno "tu" ndilo linalonitia shaka.

Omba kwanza cheti cha usajili, katiba, kumbukumbu za mikutano na taarifa za benki za mwaka mzima. Cheti ukisome kwa makini, kwa sababu kikundi kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Kijamii ya 2022 hakibanwi na masharti yale yale ya shirika linalofuata Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma ya 2013, iliyoanza kutumika Mei 2024.

Nilipohudumu katika bodi ya aina hiyo hapa Kisumu, siku moja nililetewa kitabu cha hundi ambacho kurasa zake nne zilikuwa zimekwisha kutiwa sahihi na mwenzangu, huku nafasi za jina na kiasi zikiwa tupu. Nilikataa, na kwa miezi miwili nikaitwa mwenye maringo.

Ukikubali, shikilia kwamba kila malipo yaambatane na idhini ya maandishi na risiti. Ikiwa anayeliuzia shirika bidhaa ni shemeji yako, tamka hivyo kikaoni, liandikwe, kisha utoke nje wenzako wakiamua. Wakikunyima taarifa za benki, waandikie barua fupi ya kukataa wadhifa huo na ubaki na nakala.