Usimwonyeshe Mteja Kasoro Asiyoiona

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia, upande wa Uganda, nina miaka 29. Nashona sare za shule na gomesi, lile gauni la kina mama la mabega yaliyosimama. Mteja akinisifu naona aibu, namwonyesha pale uzi ulipopinda. Bei naishusha kabla hajaomba. Nilipokuwa mdogo mama aliniita "bure kabisa" mbele ya dada zangu. Rafiki kanifundisha kusimama mbele ya kioo kila asubuhi niseme "mimi ni wa thamani". Nikimaliza najiona mwongo, siku nyingine nalia. Na nikianza kujithamini, mama mkwe atasema nimeota mapembe. Nifanyeje?*

Marahaba, binti yangu. Kioo kiache. Mwaka 2009 watafiti wa Kanada waliwapa watu maneno ya aina hiyo wajirudierudie, na wale waliokuwa wakijidharau tangu mwanzo wakaishia kujisikia vibaya zaidi. Mimi sishangai. Moyo ni kama mwenyekiti wa LC1, lile baraza la kijiji: ukimpelekea kesi bila shahidi, anakurudisha nyumbani.

Shahidi unaye, ila unamfukuza barazani. Gomesi! Nimevaa gomesi tangu siku ya kuposwa, najua mabega yale yanavyowatoa mafundi jasho. Yakilala, mwenye nguo anaonekana kanyeshewa. Yakizidi kusimama, anafanana na kuku anayetaka ugomvi. Wewe unayasimamisha yakatulia, vifungo viwili vya kushoto vinakaa mahali pake, halafu unamvuta mteja mkono umwonyeshe mshono wa ndani. Nani anavaa gomesi nje ndani? Tena nguo yenyewe imebeba jina la fundi, Gomes, Mgoa, mtu wa Goa kule India. Uzi wake ulipinda wapi, hakuna anayeuliza.

Basi lile daftari lako la vipimo, ukurasa wa mwisho, andika kila mteja aliyerudi mara ya pili, na alirudi kwa nguo gani. Usiandike sifa, andika kilichotokea tu. Siku moyo unapokusomea mashtaka, fungua ukurasa huo.

Mama yako sitamsema sana. Mtoto aliyeitwa "bure" akikua hujiita hivyo mwenyewe, tena kwa sauti ileile ya mama. Sauti hiyo haitanyamaza wiki hii. Iache iseme, ila usiikabidhi kwa mteja. Na kama kilio kinakuja kila siku, usingizi umekimbia na chakula hakipiti, nenda kituo cha afya ukaeleze hivyohivyo. Huo huenda ukawa ugonjwa, nao unatibika.

Mama mkwe naye? Mwaka 1965 Morris Rosenberg, Mmarekani aliyetunga kauli 10 ambazo hadi leo zinatumika kupima jinsi mtu anavyojithamini, alitenganisha mambo mawili: kujiona unatosha, na kujiona umewapita wengine. Mapembe ni hilo la pili. Kumtajia mtu bei ya siku tatu ulizoinamia cherehani ni la kwanza. (Kama gomesi la mama mkwe unalishona bure, hilo tutaongea siku nyingine.)

Mteja wa kwanza atakayekuja kuchukua gomesi lake, mkunjulie, mtajie bei yote, kisha funga mdomo. Akisifu, sema "asante, mama". Kitapita kimya kirefu, na mkono utataka kwenda kwenye ule mshono. Upe mkono huo kazi ya kukunja nguo.